Valvu ya Ekzosi: Ifunguliwe Kila Mwaka au Iachwe Mpaka Ilalamike?

Kaskazini mwa Minnesota, ambako maziwa hugeuka barabara wakati wa baridi, mjadala huu huzuka kila theluji inapokaribia. Wenye pikipiki za theluji zenye injini za mipigo miwili hugawanyika makundi mawili. Kundi moja husema valvu za ekzosi zitolewe, zikaguliwe na zisafishwe kila mwaka, mashine ilalamike isilalamike. La pili husema huko ni kujitafutia kazi: oili za siku hizi ni safi, kompyuta inaangalia kila kitu, na mkono wa binadamu ndio unaoua mashine nyingi.

Mimi ni wa kundi la kwanza. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nimeshika mizani. Lakini kundi la pili lina hoja nzito ambazo mafundi wengi huzipuuza, na haifai kuzipuuza. Kwa hiyo nimezipa hoja hizi sauti tatu za watu wa ukoo mmoja: Mjomba, fundi aliyejifunza kazi kwenye mashine za boti pwani ya Kenya, Mpwa wake, mwenye pikipiki mpya inayoongozwa na kompyuta, na Binti wa Mjomba, anayeendesha mashine kuukuu kwenda kuvua samaki juu ya barafu.

Kabla hawajaanza, kifaa chenyewe. Injini ya mipigo miwili haina valvu za kichwani kama za gari. Moshi hutokea kwenye dirisha lililochongwa ubavuni mwa silinda, na pistoni ndiyo hulifungua ikishuka na kulifunga ikipanda. Taabu iko kwenye kimo cha dirisha hilo. Likichongwa kwenda juu sana, injini hupumua vizuri kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika, ambako kila silinda hutoa moshi zaidi ya mara 130 kwa sekunde moja. Lakini kwenye mizunguko 4,000 dirisha hilohilo hufunguka mapema mno: msukumo wa mwako unapotea haujamaliza kazi, na hewa mbichi iliyochanganyika na petroli inatoroka pamoja na moshi. Likichongwa chini, mambo yanageuka: nguvu ya kuondokea ipo, pumzi ya mbio haipo. Valvu ya ekzosi ni ubapa wa chuma unaoteremka mbele ya sehemu ya juu ya dirisha, mfano wa pazia, injini inapokwenda polepole, kisha hupanda inapokimbia. Yamaha walilipeleka wazo hili mashindanoni mwaka 1977 kwenye pikipiki ya 500cc, wakitumia kipande cha mviringo kinachozunguka badala ya ubapa. Rotax wa Austria, wanaotengeneza injini za Ski-Doo, wana ya kwao inayoitwa RAVE. Polaris huiita VES, Arctic Cat wanayo APV. Majina ni mengi, kazi ni ileile, na masizi ni yaleyale.

MPWA: Mjomba, niwie radhi, lakini hili la kufungua kila mwaka mimi naliona ni mazoea ya zamani. Enzi za kabureta na oili za bei rahisi nakubali, valvu zilikuwa zinaganda. Mashine yangu inaingiza petroli kwa sindano, pampu ya oili inapimwa na kompyuta, oili yenyewe ni ya kiwandani kabisa, haina majivu. Msimu mzima sijaona moshi wa maana. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe.

MJOMBA: Wahenga hawakuwa na dhamana ya wakala. Niambie kitu kimoja: valvu yako ikikwama leo, utajuaje?

MPWA: Taa itawaka kwenye dashibodi.

MJOMBA: Itawaka kwa lipi? Kompyuta inajua imetoa amri, haijui kama imetiiwa. Kuna mashine ambazo kompyuta inafungua njia ya hewa tu, ile hewa ndiyo ikasukume mpira na mpira uvute ubapa. Mpira ukiwa umechanika, amri imetoka, hewa imekwenda, ubapa umelala palepale. Kuna nyingine zenye mota ndogo inayovuta kebo. Pale kompyuta inaijua mota imezunguka kiasi gani, basi. Kebo ikilegea au ikikatika mbele ya mota, mota inazunguka vizuri na kutoa taarifa njema. Taa itawakaje?

MPWA: Basi nitahisi mwenyewe. Mashine si itapoteza nguvu?

BINTI: Hapo ndipo wengi wanapopotea, kaka. Inapoteza nguvu taratibu, wiki hadi wiki, na wewe unazoea. Halafu ukishahisi, unadhani ni kitu kingine.

Maneno ya Binti ni ya kweli na yanawagharimu watu pesa nyingi. Valvu ikikwama ikiwa imefunga, mashine inaondoka vizuri, inavuta, kisha inagonga dari: inafika mizunguko fulani na haitaki kupanda tena, hata ukibana mafuta mpaka mwisho. Ikikwama ikiwa wazi, inasitasita chini, inanguruma bila kwenda, halafu ghafla inaruka. Dalili zote mbili zinafanana na ugonjwa wa klachi. Mpandaji ananunua mkanda mpya, anabadilisha vizito vya klachi, anabadilisha springi, na mwenye kabureta anaanza kugusa jeti. Jeti zikishaguswa bila sababu sasa kuna magonjwa mawili, na la pili linaweza kuyeyusha pistoni. Silinda moja ikikwama na nyingine ikifanya kazi, injini inatetemeka kwa namna isiyoeleweka na mtu anabadilisha plagi mpaka anachoka. Na kile kilichosababisha yote hayo kimeshikiliwa na bolti chache, mara nyingi juu kabisa ya injini.

MPWA: Sawa. Lakini hebu tuseme ukweli: imekwama, kisha nini? Haiunguzi injini, haikuachi njiani. Unarudi nyumbani na mashine dhaifu kidogo. Siyo ajali.

BINTI: Si kila mara unarudi nyumbani. Mimi naburuta kibanda cha kuvulia samaki kwenye Upper Red Lake. Theluji nyingi ikilala juu ya barafu inaielemea, maji yanapanda kwenye nyufa na kukaa chini ya theluji. Huyaoni. Unaingia, na ghafla mkanda wa chini unazunguka kwenye uji wa barafu. Hapo unahitaji nguvu ya chini, ya mara moja, kabla mashine haijazama. Valvu ikiwa imekwama wazi, hiyo nguvu hakuna. Ukisimama ndani ya ule uji, kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, baada ya muda mfupi mashine imegandia palepale, na kinachofuata ni kutembea kwa miguu na viatu vilivyolowa.

Niongeze hapa, kwa sababu watu hudhani vyombo hivi ni vya mchezo tu. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alifiwa na mtoto wake wa kiume majira ya baridi ya mwaka 1934 kwa kuwa theluji ilifunga njia na mtoto hakuweza kufikishwa hospitali. Miaka michache baadaye aliuza magari makubwa ya kupita juu ya theluji, na mwaka 1959 akatoa Ski-Doo ndogo. Vijiji vingi vya kaskazini mwa Kanada na Alaska bado vinategemea pikipiki ya theluji kufuata kuni, nyama na jamaa. Na katika Minnesota hiyohiyo, mji mdogo wa Tower ulipimwa nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996. Kwenye baridi ya namna hiyo, neno dhaifu kidogo lina uzito mwingine.

MPWA: Dada, wewe ndiye mfano mbaya, na nakwambia kwa upendo. Unakwenda mwendo wa kobe, unaacha injini inanguruma nusu saa ukichimba matundu. Lazima igande. Mimi nakimbia. Nikikimbia, moto wa ekzosi unajisafishia wenyewe.

MJOMBA: Kwa hilo uko sahihi zaidi ya unavyojua. Mashine inayokimbizwa valvu zake hubaki kavu. Inayotembezwa polepole kwenye baridi, oili haiungui yote, inatua kwenye chuma na kuwa lami. Ndiyo maana siku zote nasema: kilomita peke yake hazikwambii. Mashine ya Binti ikitembea kilomita 500 inaweza kuwa chafu kuliko yako yenye 3,000.

MPWA: Kwa hiyo kila mwaka si kanuni.

MJOMBA: Kila mwaka ni kanuni ya kufungua na kuangalia. Kusafisha ni kulingana na utakachokiona.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala wote, na nasikitika kwamba mafundi wengi hawaielezi. Wanasema safisha, safisha, na mwenye mashine akifungua akakuta ubapa mkavu wenye utando mwembamba wa kahawia anaona alidanganywa, mwaka unaofuata hafungui. Nilimwomba Mjomba aeleze anachokitafuta akishautoa ubapa na kuuweka juu ya kitambaa cheupe. Hapa namwacha aseme kwa kirefu.

MJOMBA: Kwanza, kabla hujaondoa chochote, chukua kalamu uandike upande wa kulia, upande wa kushoto. Usichanganye. Ukishachanganya umepoteza nusu ya habari. Kisha ziweke valvu zote mbili pamoja uzitazame. Silinda zote mbili zinakula petroli moja na oili moja, basi valvu zao zinapaswa kufanana. Moja ikiwa kavu na nyingine inang'aa kwa oili, usikimbilie kusafisha, maana silinda moja haiunguzi kama mwenzake. Tazama plagi, tazama sindano au kabureta ya upande ule, pima mgandamizo.

Rangi: utando mwembamba, mweusi au kahawia, mkavu, unaotoka kwa kucha, huo ni uzima. Lami nene yenye kunata maana yake oili ni nyingi au mashine inatembezwa baridi. Mashine yenye pampu ya oili ya kebo, nenda kaangalie alama za pampu kama zinaoana, mara nyingi kebo imekazwa kupita kiasi. Ukoko mgumu wa kijivujivu, ule unaotoka kwa vipande, unaniambia joto limekuwa kali au oili ina majivu. Na ukiona vijipunje vinavyong'aa, vya rangi ya fedha, vimegandia kwenye ubapa, hapo weka spana chini. Hiyo ni pistoni imeanza kuyeyuka. Petroli mbaya, au mchanganyiko mkavu, injini inagonga na mwenyewe husikii kwa sababu ya kofia na upepo. Mtu aliyeiona ile fedha kwenye valvu amejiokolea injini nzima.

Halafu geuza ubapa utazame ncha yake ya chini. Ikiwa na mkwaruzo mpya unaong'aa, ringi au pistoni imeugusa. Hiyo haisafishwi, inatafutiwa sababu. Ukimaliza, shika mpira wenye mikunjo, uuvute taratibu mbele ya taa. Nyufa huanzia kwenye mikunjo ya ndani, hazionekani mpaka uukunjue. Ukikuta oili imejaa juu ya mpira, ndani ya kifuniko, mpira umeshatoboka hata kama wewe hulioni tundu.

MPWA: Hilo la fedha sikuwahi kulisikia.

MJOMBA: Kwa sababu wengi wanaotoa valvu wanazitumbukiza moja kwa moja kwenye dawa. Ushahidi wote unayeyukia kwenye beseni.

Hili ndilo lililonifanya nisimame upande wa Mjomba. Ukiacha valvu hizi, njia ya kuona mwako wa injini ya mipigo miwili bila kuifumua ni kuitoa plagi, na plagi huonyesha habari ya siku za karibuni. Valvu huweka habari ya msimu. Lakini Mpwa hakuwa amekosea kila mahali, na hoja yake kubwa zaidi ilikuwa inakuja.

MPWA: Mimi naogopa mikono kuliko masizi. Rafiki zangu wamefungua valvu zikiwa nzima wakazirudisha zikiwa na matatizo. Mmoja ameng'oa nyuzi za bolti kwenye silinda, maana ile ni alumini na yeye amekaza kama anakaza tairi la lori. Mwingine amesugua kwa brashi ya mashine mpaka ubapa umepwaya kwenye njia yake. Masizi hayakuwafanyia hivyo.

BINTI: Na kuna yule aliyerudisha ubapa kichwa chini.

MPWA: Huyo simtaji.

Ndivyo ilivyo, na ni vizuri lisemwe wazi: valvu iliyosafishwa vibaya ina hatari kuliko valvu chafu. Ubapa wa RAVE umekatwa ncha yake kwa mshazari ili ufuate ukuta wa silinda. Ukigeuzwa, ncha inaingia ndani ya njia ya pistoni, na mzunguko wa kwanza tu unatosha kuharibu. Kwa hiyo baada ya kurudisha, toa plagi, kisha uzungushe injini kwa mkono, kwa kuvuta kamba taratibu kwenye mashine zenye kamba, ukisikiliza na kuhisi. Kitu kikigusa, unaacha hapohapo.

Nilimtaka Mjomba ajibu hoja ya mikono bila kuizunguka.

MJOMBA: Sizunguki. Mpwa wangu anasema kweli. Asiyejua kuhisi bolti ndogo asiguse alumini, anunue kwanza spana ya kupimia. Lakini kazi yenyewe haina uchawi. Injini iwe baridi. Zungusha mpaka pistoni ipande izibe dirisha, ili kipande cha masizi kikidondoka kisiingie juu ya pistoni. Kile kipande kigumu kikiingia kati ya ringi na ukuta kinachora mstari, na mstari ule haufutiki. Ziba tundu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Loweka ubapa kwenye mafuta ya taa usiku kucha, usiwe na haraka. Asubuhi masizi yamelainika, unayatoa kwa kipande cha plastiki au mti, au sponji ngumu ya kuoshea sufuria. Msasa hapana. Brashi ya chuma ya mashine hapana. Hutafuti chuma king'ae, unatafuta kiteleze.

BINTI: Wengi hapa wanapulizia dawa ya kusafishia oveni.

MJOMBA: Nyingi zina soda kali inayokula alumini. Kwenye chuma cha pua itakusamehe, kwenye mwili wa valvu na silinda haikusamehe. Na mpira usioshe kwa mafuta ya aina yoyote. Unavimba, kesho hautoshei kwenye mfereji wake. Maji ya uvuguvugu na sabuni, basi. Kisha watu wanasahau kitu kidogo kuliko vyote. Kwenye zile valvu zisizo na umeme, moshi wenyewe ndio unaoinua ubapa: unapita kwenye vijitundu vidogo, unaingia chini ya mpira, unausukuma dhidi ya springi. Vile vijitundu vikiziba, ubapa wako umeng'aa, mpira ni mpya, springi ni nzima, na valvu haifunguki. Mtu anarudi kwangu analalamika kwamba amesafisha kila kitu. Namuuliza, na vijitundu? Ananyamaza.

MPWA: Je, ile dawa ya kumimina kwenye petroli? Chupa moja kwa tangi, masizi yanaondoka yenyewe. Hakuna kufungua, hakuna bolti.

MJOMBA: Inasaidia kwenye lami laini. Haimpi mtu mpira mpya, wala haimwonyeshi vile vijipunje vya fedha. Na ukoko mgumu ukiubandua injini ikiwa inazunguka, unakwenda wapi? Unaomba Mungu uende nje.

Suala la oili liliwachukua muda mrefu, nami nalifupisha, isipokuwa sehemu moja inayotuhusu watu wa pwani. Mjomba alikulia kwenye boti za wavuvi, ambako mashine za mipigo miwili za Yamaha bado zinasukuma madau na mashua, nazo hazina valvu ya ekzosi kabisa. Oili ya mashine hizo huandikwa TC-W3. Haina majivu, na imetengenezwa kwa ajili ya injini inayopozwa na maji ya bahari au ziwa wakati wote. Ni oili nzuri mahali pake. Mtu akiihamishia kwenye pikipiki ya theluji inayovutwa kwa nguvu zote kupanda mlima, anaipeleka kwenye joto ambalo haikutengenezewa. Wajapani wana vipimo vyao vya JASO, na daraja la FD ndilo linalodai usafi zaidi ndani ya injini. Miongoni mwa majaribio ya vipimo hivyo mna moja linalopima oili inaziba ekzosi kiasi gani. Anayenunua kwa kuangalia bei tu anafaa kujua kwamba kuna watu walikaa wakalipima hilo hasa.

BINTI: Baba, mimi nimetumia ya boti miaka mingi.

MJOMBA: Najua. Nimeziona valvu zako.

Palibaki suala la wakati. Binti alitaka kazi ifanywe Oktoba, wakati hakuna kingine cha kufanya na hamu ya theluji imeanza kupanda. Mjomba alishikilia Aprili, theluji ikiisha tu, na hapa nakubaliana naye. Mabaki ya mwako yakichanganyika na unyevu wa miezi ya joto huanza kula chuma, na lami iliyokaa majira yote ya kiangazi hugeuka ngumu. Tena ukigundua Aprili kwamba mpira umepasuka, una nusu mwaka wa kuagiza kipuri. Ukigundua wiki ya kwanza ya theluji, umesimama foleni na kila mtu. Tahadhari mbili ambazo Mjomba alizisema kwa ukali, nami nazirudia kwa ukali uleule: karakana za huko hupashwa moto kwa majiko ya gesi yenye mwali, basi petroli na dawa za kupulizia zisifunguliwe karibu nayo, na injini isiwashwe ndani milango ikiwa imefungwa, hata kwa dakika moja ya kujaribu. Sumu ya moshi isiyo na rangi wala harufu imewaua watu waliokuwa wanajua kazi yao.

MPWA: Nimesikia. Bado nina kikwazo kimoja. Mashine yangu iko ndani ya dhamana. Nikifungua mwenyewe na baadaye kitu kikavunjika, watasema ni mimi.

MJOMBA: Basi usifungue. Wala sikulazimishi uamini mikono yako. Mpelekee wakala Aprili, fuata kitabu cha mashine kinavyosema kuhusu muda na kilomita, lipa, chukua risiti uiweke.

MPWA: Kumbe tumekubaliana.

MJOMBA: Hatujakubaliana bado. Utamwambia wakala neno moja kabla hajaanza.

MPWA: Lipi?

MJOMBA: Asizioshe. Azitoe, aziandike kulia na kushoto, aziweke juu ya kitambaa, akupigie simu uje uzitazame. Akishakuonyesha ndipo azisafishe.

MPWA: Akikataa?

MJOMBA: Akuchukulie picha, ya kila upande, na ncha ya chini ionekane. Akikataa na hilo, tafuta wakala mwingine, kwa sababu huyo anakuuzia usafi, na wewe ulikwenda kutafuta habari.

BINTI: Na zangu, Baba? Zitolewe Aprili nazo?

MJOMBA: Zako tunazitoa kesho asubuhi. Na ile chupa ya oili ya boti uje nayo, nitaipeleka Kenya.